Gitaa la kikundi: tulitengeneze wenyewe au tulipeleke kwa fundi?



Leo tunataka kuzungumza juu ya gitaa. Msiseme, "Sisi ni wakulima, gitaa linatuhusu nini?" Vijiji vingi vya Katavi siku hizi vina kwaya au vikundi vya vijana, na vingi vina gitaa. Mara nyingi gitaa hilo ni mali ya watu wote, nalo limenunuliwa kwa michango. Likiharibika, unazuka ugomvi. Wengine husema, "Hebu tulifungue wenyewe." Wengine husema, "Mkiligusa tu, tutalipeleka polisi!"

Sisi tumepitia ugomvi huo. Tulipata hasara, na hasara ikatufundisha. Basi tumeona vema tuwaeleze wenzetu tuliyojifunza, ili msilipe ada tuliyolipa sisi.

Yaliyotupata

Sisi ni kikundi cha kwaya katika kijiji kimoja upande wa Mpanda. Misitu yetu ni ya miombo, na miombo ni nyumba ya nyuki. Kwa hiyo fedha yetu tuliipata kwa asali. Tuliuza ndoo moja moja, mama mtunza hazina akaandika kila senti katika daftari. Kiangazi kilipofika katikati tulikuwa na fedha ya kutosha. Tukanunua gitaa la mtumba, la mbao, lisilotumia umeme. Lilikuwa na sauti laini, na vidole haviumi.

Ilipokaribia Krismasi, kijana wetu mmoja alisema sauti ni ndogo mno. Nyuzi zilikuwa zimezeeka, akapewa fedha akanunue nyingine mjini. Alitazama nyuzi nene za gitaa akaona zinang'aa kama chuma. Basi akanunua nyuzi za chuma. Akazifunga, akazikaza. Kweli, sauti ikawa kubwa. Tukapiga makofi.

Masika yakaingia. Wiki baada ya wiki, nyuzi zikawa zinapanda juu, mbali na shingo. Kuzikandamiza ikawa kazi ya kukamua nguo. Binti yetu mmoja, ambaye alikuwa anajifunza vizuri kuliko wote, vidole vikatoka damu. Akasema, "Mimi basi. Gitaa ni la wanaume." Akaacha. Hakuna aliyemwambia kwamba kosa halikuwa la vidole vyake.

Usiku mmoja mwezi wa Februari, gitaa likiwa limetundikwa ukutani, tulisikia "paa!" Asubuhi tukakuta kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kimeng'oka, kimeondoka na vipande vya ubao wa tumbo la gitaa. Mama mtunza hazina alilitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ndoo zangu za asali hizo."

Tukalipeleka kwa fundi mjini. Yeye mwenyewe ni mpigaji. Alilishika, akalizungusha, akacheka kidogo. Akasema, "Jamani, gitaa lenu halikuwa bovu. Mmelivisha nguo ya mtu mwingine."

Kwa nini gitaa linabadilika

Wazee wetu walipiga zeze na marimba. Mwenye zeze hakuhangaika kutafuta fundi. Alilichonga mwenyewe, na likilegea alilikaza mwenyewe. Gitaa lilikuja kutoka viwandani, ndiyo maana tunaliogopa. Lakini gitaa nalo ni mbao na nyuzi tu. Ukilielewa, hofu inapungua.

Mbao inakunywa unyevu. Huku kwetu mvua huanza karibu na mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo mbao hunywa unyevu na kuvimba. Tumbo la gitaa huinuka kidogo, na nyuzi huinuka pamoja nalo. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi. Mbao hukauka na kusinyaa. Tumbo hushuka, nyuzi hukaribia shingo, na pengine huanza kulia "zzz" kwa sababu zinagusa vyuma. Ni kama mlango wa nyumba yako. Masika unakwama, kiangazi unafunguka wenyewe.

Jambo la pili ni nguvu ya nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa, huvuta kwa nguvu inayofikia karibu kilo 70. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40 tu. Hebu fikiri. Gunia la mahindi ni kilo 100. Kwa hiyo gitaa la nyuzi za chuma hubeba mzigo wa zaidi ya nusu gunia, mchana na usiku, hata kama hakuna anayelipiga. Gitaa lililojengwa kwa ajili ya nailoni haliwezi mzigo huo. Ndiyo sababu letu liling'oka.

Zamani kulikuwa na kiwanda huko Durban, Afrika ya Kusini, kilichotengeneza magitaa ya bei nafuu yaitwayo Gallotone. Ndani ya gitaa aina ya Champion walibandika karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Hata kijana mmoja wa Uingereza, John Lennon, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa kikundi cha Beatles, alipiga gitaa la aina hiyo mwaka 1957. Ahadi ile ilikuwa na maana kwa watu wa nchi zenye jua kali. Lakini sisi tunasema, ndugu wasomaji, hakuna mbao isiyopasuka ikitunzwa vibaya. Karatasi ya kiwandani haiwezi kulitunza gitaa. Mtunzaji ni wewe.

Tujue sehemu za gitaa

Kabla ya kuamua nani alitengeneze, lazima tujue tunazungumza juu ya nini.

Shingo ni ule mti mrefu unaoshikwa kwa mkono wa kushoto.

Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Huhesabiwa kuanzia juu kwenye kichwa. Freti ya 12 ni muhimu sana, kwa sababu iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Magitaa mengi yana alama mbili hapo. Katika magitaa mengi ya nailoni, freti ya 12 iko pale shingo inapokutana na tumbo.

Kijiti cha juu ni kile kipande chenye mifereji sita, kichwani, ambamo nyuzi hupita.

Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni. Juu ya daraja kuna kijiti cha chini, mara nyingi cheupe, ambacho nyuzi hukilalia.

Fimbo ya shingo ni chuma kilichofichwa ndani ya shingo. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yanacho. Mengi ya nailoni hayana. Mahali pa kukikaza ni ndani ya tundu la tumbo, au kichwani chini ya kifuniko kidogo.

Nyuzi za nailoni na nyuzi za chuma

Hapa ndipo kijana wetu alipokosea, na hatumlaumu. Gitaa la nailoni lina nyuzi tatu nene ambazo kwa nje zimezungushiwa waya mwembamba. Ukizitazama, utasema ni chuma. Usitazame hizo. Tazama zile tatu nyembamba. Kama zinafanana na mshipi ambao wavuvi wa Karema na Ikola huutumia katika Ziwa Tanganyika, hizo ni nailoni. Tazama pia kwenye daraja. Nailoni hufungwa kwa fundo. Nyuzi nyingi za chuma zina kipete kidogo mwishoni.

Usifunge chuma kwenye gitaa la nailoni hata siku moja. Neno hili ukilishika peke yake, utakuwa umefaidika kwa kusoma makala hii.

Pima kwanza, usibishane

Watu wengi hubishana, "Nyuzi ziko juu!" "Haziko juu!" Sisi tuna dawa ya ubishi huo. Ni rula ya shule.

Kaza nyuzi mpaka sauti iwe sawa. Kama mna simu ya kisasa, kuna programu za kupimia sauti ya kila uzi. Kisha simamisha rula kwenye freti ya 12. Pima kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi. Kila kistari kidogo cha rula ni milimita 1.

Kwa gitaa la nailoni, uzi mnene ukiwa juu kiasi cha milimita 4, na uzi mwembamba milimita 3, gitaa liko vizuri. Kwa gitaa la chuma, uzi mnene uwe kiasi cha milimita 2 na nusu, na mwembamba milimita 2. Letu, lilipopimwa na fundi baada ya kugundishwa na kurudishiwa nailoni, uzi mnene ulikuwa bado milimita 6. Tulipoona namba hiyo ndipo tulipomkumbuka binti yetu.

Sasa pima shingo. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine ukandamize pale shingo inapokutana na tumbo. Uzi huo sasa umenyooka kama kamba ya mwashi. Tazama katikati, kati ya uzi na freti. Nafasi ikitosha kupitisha jalada la daftari, ni sawa. Ikitosha kupitisha sarafu, shingo imepinda mbele. Kama hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda nyuma.

Andika namba hizo katika daftari pamoja na tarehe. Pima tena masika, pima tena kiangazi. Baada ya mwaka mmoja mtalijua gitaa lenu kama mnavyojua shamba lenu.

Kipimo cha kuamua

Basi tuje kwenye swali lenyewe. Tufanye wenyewe, au twende kwa fundi?

Wengine huamua kwa kutazama fedha tu. Wanasema fundi ni ghali, basi tufanye wenyewe. Wengine huamua kwa hofu tu. Wanasema sisi hatujui, basi hata kubadilisha uzi waende mjini. Njia zote mbili zina hasara. Sisi tumejifunza kipimo kingine. Jiulize hivi: kazi hii, nikikosea, nitaweza kuirudisha kama ilivyokuwa?

Ukilegeza uzi kimakosa, utaukaza tena. Hakuna hasara. Lakini ukikata mbao, haioti tena. Kwa hiyo kazi inayorudishika ifanye nyumbani. Kazi isiyorudishika, tafuta mtu aliyewahi kuifanya.

Kazi za nyumbani

Kwanza, kubadilisha nyuzi. Badilisha mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja ukaliacha gitaa limelegea kwa siku nyingi. Kila mpigaji ajue kazi hii.

Pili, usafi. Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho linakula chuma kama kutu inavyokula jembe.

Tatu, kukaza skrubu za vifunguo vya kukazia nyuzi, kwa bisibisi ndogo. Usizidishe nguvu.

Nne, kushusha kijiti cha chini. Kazi hii inataka uangalifu, lakini inawezekana. Kinachoharibika ni kijiti tu, na kijiti hutengenezwa kingine. Legeza nyuzi, chomoa kijiti. Mara nyingi hakikugundishwa. Chora mstari kwa penseli upande wa chini, kisha kisugue juu ya msasa uliolazwa mahali palipo sawa. Usisugue juu, sugua chini.

Sasa hapa kuna hesabu. Ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, ni lazima upunguze kijiti kwa milimita 2. Kwa nini? Lala chini mti mrefu. Inua ncha moja kwa kimo cha dhiraa mbili. Katikati ya mti itakuwa imeinuka kwa dhiraa moja tu. Freti ya 12 ni katikati ya uzi, na kijiti ni ncha. Gitaa letu lilikuwa milimita 6, tulitaka milimita 4. Tofauti ni milimita 2. Kwa hiyo kijiti kilitakiwa kupungua milimita 4. Fundi alipunguza milimita 2, akatuachia sisi zilizobaki tumalizie kidogo kidogo nyumbani. Alisema, "Punguza, rudisha, pima. Ukipunguza kwa pupa utalia."

Na ukikosea? Tengeneza kijiti kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Chemsha mfupa mpaka mafuta yatoke, ukaushe vizuri, uukate na kuusugua kwa msasa. Mfupa wa ng'ombe ni kitu kizuri kabisa, hata magitaa ya bei kubwa huwekewa mfupa. Zamani huko Ulaya walitumia pembe za ndovu. Ndugu zangu, sisi tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mtu akikuletea kipande cha pembe, akasema kinafaa kwa gitaa, mwambie aondoke nacho. Ni kosa kubwa la sheria, na biashara ya pembe kati ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Ng'ombe wanatutosha.

Kazi ya fimbo ya shingo

Kazi hii iko katikati. Inarudishika, lakini ukizidisha nguvu fimbo inakatika, na hapo haitengenezeki kwa urahisi. Sisi tunashauri hivi. Mara ya kwanza nendeni kwa fundi, mmoja wenu akae pembeni atazame. Mara ya pili mnaweza kujaribu wenyewe.

Kanuni zake ni chache. Tumia spana inayoenea sawasawa, siyo koleo. Ukigeuza kufuata mishale ya saa, fimbo inakaza na shingo iliyopinda mbele inanyooka. Ukigeuza kinyume, shingo inapinda mbele kidogo. Usizidishe robo ya mzunguko kwa siku moja. Kaza nyuzi, liache gitaa lilale, kesho upime tena. Ikiwa ngumu, acha. Usimwite mwenye misuli.

Nyoosha shingo kwanza, ndipo ushughulikie kijiti cha chini. Ukianza na kijiti, utakipunguza bure, na shingo ikinyooka nyuzi zitagusa freti.

Kazi za fundi

Kwanza, daraja lililong'oka. Likigundishwa vibaya litang'oka tena, na litaondoka na mbao zaidi. Gundi ya zamani lazima ikwanguliwe yote, na daraja libanwe kwa siku nzima au zaidi. Msipake gundi ile ya haraka inayouzwa madukani. Fundi wetu alisema kazi yake ngumu siyo kugundisha, ni kuondoa gundi ya watu waliotangulia.

Pili, mifereji ya kijiti cha juu. Ukichimba mfereji kwa kina kupita kiasi hata kidogo sana, uzi utalia "zzz" kila ukipigwa bila kukandamizwa.

Tatu, kusawazisha freti zilizolika. Zana zake hazipatikani hovyo.

Nne, shingo iliyovunjika au kujipinda kama kamba.

Tano, magitaa ya umeme. Kushusha nyuzi za gitaa la umeme ni rahisi, maana mara nyingi daraja lake lina skrubu ndogo. Hilo fanya mwenyewe. Lakini nyaya zikikatika ndani, mpelekee fundi redio mzuri. Anajua kulehemu nyaya kuliko seremala. Naye seremala, hata akiwa hodari wa vitanda vya mninga, kwanza umuulize kama amewahi kushika gitaa. Kitanda hakitoi sauti mbaya kikikosewa milimita moja.

Namna ya kumpata fundi na kuandikiana

Katika miji yetu midogo hakuna duka lenye kibao cha fundi wa magitaa kila mtaa. Mara nyingi fundi ni mpigaji mwenyewe, wa bendi au wa kwaya. Kwa hiyo waulizeni wapigaji, "Ninyi lenu mnampelekea nani?" Mkimpata, mwombeni awaonyeshe gitaa alilolitengeneza. Muulizeni, "Tatizo ni nini?" Fundi mzuri atapima kwanza ndipo ajibu. Anayetaja bei kabla ya kulishika gitaa, muogopeni.

Sisi tumejifunza kusoma na kuandika. Basi tuutumie ujuzi huo. Msimwachie fundi gitaa kwa maneno matupu. Andikeni hivi:

"Tarehe ____. Tumekabidhi gitaa moja la nailoni. Kazi: kugundisha daraja, kufunga nyuzi za nailoni, kushusha nyuzi. Uzi mnene kwenye freti ya 12 sasa ni milimita ____. Unatakiwa uwe milimita ____. Bei tuliyokubaliana ni shilingi ____. Tumelipa nusu. Gitaa litakuwa tayari tarehe ____. Sahihi ya fundi ____. Sahihi ya kikundi ____."

Siku ya kulichukua, nendeni na rula yenu. Pimeni mbele yake. Fundi wa kweli hakasiriki akipimwa. Na kama gitaa halijafika kipimo, karatasi itasema, hamna haja ya kugombana.

Hesabu ya mtunza hazina

Mama mtunza hazina wetu alitufanyia hesabu ambayo hatuisahau. Alisema, "Nyuzi za chuma zilikuwa nafuu kidogo kuliko za nailoni. Tukaokoa kidogo. Kisha tukalipa fundi wa daraja. Tukalipa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Tukanunua tena zile zile nyuzi za nailoni. Na mwanafunzi wetu mmoja ameacha. Huyo mtamwandika katika safu gani?"

Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo tunawashauri mpige hesabu yote kabla ya kuamua. Hesabuni bei ya fundi, nauli, na siku za kukosa gitaa. Upande wa pili hesabuni bei ya zana, muda, na hasara mtakayopata mkikosea. Zana za nyumbani ni chache: rula, penseli, msasa, bisibisi, koleo la kukatia nyuzi, na spana ya fimbo kama gitaa lenu linayo. Zikinunuliwa mara moja hudumu miaka mingi. Na njia iliyo nzuri kupita zote, sisi tunaona, ni hii: mpelekeni fundi gitaa pamoja na kijana mmoja wa kujifunza. Mtalipia kazi moja, mtarudi na ujuzi.

Utunzaji ni bora kuliko ufundi

Usilitundike gitaa karibu na jiko, wala juani, wala chini ya bati lisilo na dari. Joto hulegeza gundi. Ukisafiri kwa basi usilifunge juu ya keria. Kaa nalo ndani. Ukisafiri kwa treni ya Mpanda na Kaliua, lishike mwenyewe, na ulegeze nyuzi kidogo. Masika lifunike kwa kitambaa, ndani ya mfuko au sanduku, mbali na ukuta wenye unyevu.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo, alikuwako mpigaji mkubwa aitwaye Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa lake lilikuwa la mbao tu, bila umeme, na alilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Lakini watu walipolisikia, walidhani wanapiga wawili. Hatusemi kila mtoto wa Mpanda atakuwa Mwenda. Tunasema tu kwamba gitaa la kawaida linatosha, kama nyuzi zake ziko mahali pake.

Gitaa letu lilirudi mwezi wa Aprili. Lina kovu tumboni. Tulipomaliza kushusha kijiti, tulipima: milimita 4. Tukampelekea binti yule nyumbani kwao, tukamwambia, "Hebu jaribu tu." Alikandamiza uzi mnene kwa kidole kimoja. Akatutazama. Akasema, "Kumbe lilikuwa ni gitaa?"

Sasa rula na daftari la vipimo anatunza yeye.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini nyuzi za gitaa hupanda wakati wa masika?
2. Utatambuaje gitaa la nailoni na la chuma?
3. Uzi uko juu milimita 5, mnataka milimita 4. Mtapunguza kijiti cha chini kwa milimita ngapi?
4. Taja kazi mbili zinazorudishika na mbili zisizorudishika. Je, kipimo hiki kinafaa pia kwa baiskeli, cherehani na pampu ya maji ya kijiji chenu?
5. Andikeni karatasi ya makubaliano na fundi. Someni kwa sauti, kila mmoja aseme kama ameielewa.